Abiria wa Kiti cha Nyuma

"Tumefika?"

Sauti ilikuwa ya mwanamke, ya chini, ya mtu aliyechoka na asiyetaka kumsumbua mtu. Ilitoka ndani ya ghala saa kumi na mbili kasoro jioni. Wageni wote walishaondoka, na Shadya alikuwa mlangoni, kufuli mkononi. Stephano fundi alikuwa bombani ananawa oili. Shadya alidhani ni mgeni kasahaulika ndani. Stephano alidhani ni Shadya. Hakuna aliyejibu.

"Umesemaje?" Stephano aliuliza huku anapangusa mikono.

"Mimi? Si wewe umeleta mwanamke humu?"

"Nani aje kukaa na mimi kwenye grisi, dada'angu? Ningekuwa na bahati hiyo, hata ufundi ningeacha."

Waliingia ndani, wakapita gari hadi gari, wakiinama kuchungulia chini ya kila moja. Hapakuwa na mtu. Mlango wa nyuma wa lile Pijo jeupe ndio uliokuwa wazi, kidogo tu, kama umefunguliwa na mtu aliyetaka kuteremka akaghairi. Shadya aliusukuma ukajifunga. Alipotoa mkono kwenye kitasa, kiganja kilikuwa kimelowa.

Ilikuwa katikati ya Julai. Bigwa haikuwa imeona tone la mvua tangu Mei.

Makumbusho ya Mzee Mansuri yamo katika ghala la zamani la mkonge, pale barabara ya Matombo inapoingia mjini. Magari thelathini na moja. Kila asubuhi yanafutwa vumbi kwa kitambaa laini, na kila jioni yanafunikwa shuka kama watoto wachanga. Chini ya kila gari kuna kibao: mwaka, nchi, silinda ngapi. Na ukisimama mlangoni ukainua macho unaiona milima ya Uluguru, kijani, mizuri sana kwenye picha, ambako mwanamke akishikwa na uchungu usiku wa mvua anateremshwa kwa machela ya miti, wanaume wanne wakiteleza. Mtaniambia Mzee Mansuri kanunua magari yake kwa jasho lake. Nakubali, sijasema kaiba. Nasema tu, tazama kinachofutwa vumbi, kisha tazama kinachoachwa kife njiani.

Pijo hilo, 404 ya mgongo mrefu, lilikuja mwezi Mei kutoka kijiji kimoja juu ya Mkuyuni. Mwenyewe, dereva mzee aitwaye Abdi, alikuwa ameliweka bandani miaka ishirini na minne bila kuliwasha, kuku wakitagia kwenye boneti. Siku ya kulipakia alimshika Mzee Mansuri mkono, akamwambia, "Mkifika mjini, fungueni mlango wa nyuma mseme tumefika. Msisahau."

Mzee Mansuri alicheka njia nzima. "Sisi watu wa magari ndivyo tulivyo," aliwaambia Shadya na Stephano. "Tunaongea nayo kuliko tunavyoongea na wake zetu."

Gari likateremshwa, likaoshwa, likapigwa rangi na nta. Mlango wa nyuma ulifunguliwa, ndiyo, ili mpira wa maji uingie. Hakuna aliyesema neno.

Baada ya jioni ile ikaja harufu. Si ya petroli, si ya panya. Ilikuwa mdalasini mbichi, ule wa gome linalobanduliwa mtini likiwa bado na utomvu. Shadya hakuitambua mara moja, maana nyumba ya bibi yake huko Kichangani ndiyo nyumba pekee ya Waluguru aliyoijua ambayo mdalasini hauingii, si kwenye chai, si kwenye pilau hata siku ya Idi. Bibi Hafidha alikuwa amemlea tangu uchanga, mama yake alipofia hospitali. Mdalasini, alisema, unampandisha presha.

Kisha kikaja kiti. Kila asubuhi kiti cha nyuma cha Pijo kilikutwa kimelowa. Stephano alikagua paa, alikagua mipira ya madirisha, akatoa kiti kizima akakianika juani hadi kikakauka kama biskuti. Asubuhi yake kilikuwa kimelowa tena.

"Stephano," Shadya alinong'ona, mkono wake ukiwa juu ya kiti.

"Sema."

"Haya maji ni ya moto."

Stephano hakugusa. "Mimi Mkristo," alisema, akirudi nyuma hatua moja, halafu ya pili. "Mambo haya nawaachia wenyewe. Ila mimi jana nimefuta alama ya kiganja kwenye kioo cha nyuma. Nimefuta, nimefuta, haitoki. Unajua kwa nini haitoki?"

"Kwa nini?"

"Iko kwa ndani. Halafu iko chini, dada. Si ya mtu aliyekaa. Ni ya mtu aliyelala."

Na sauti ikaendelea. Si kila siku. Ilikuja pale ghala linapotulia, mchana wa jua kali mabati yanapolia, au jioni. Tumefika? Neno lile lile, kwa adabu ile ile. Shadya hakuijibu hata mara moja. Alikuwa amefundwa na Bibi tangu anaanza kutembea, na Bibi alilirudia jambo hili kuliko sala: sauti usiyouona mdomo wake, usiiitikie. Ikikuita, nyamaza. Ikikuuliza, nyamaza zaidi. Nyumbani pia alinyamaza. Hakutaka kumpandisha bibi yake presha, na Bibi mwenyewe hakuwahi kuipenda kazi ile. "Magari ya kale ya nini?" alikuwa akisema. "Mengine yaliachwa yapumzike."

Jumamosi ya kwanza ya Agosti ndiyo siku ya mkusanyiko. Wenye magari ya kale walikuja kutoka Dar, Dodoma, wengine hadi Arusha, na Voksi za duara, na Land Rover zilizozeeka kuliko madereva wake, na Bedford moja lililopiga honi kama meli. Watoto wa Bigwa walijaa ukutani. Mishikaki ilichomwa, matarumbeta yakapigwa, mheshimiwa fulani akakata utepe. Kisha msafara ukapangwa: kupanda hadi Mkuyuni, kuzunguka sokoni, kurudi.

"Pijo liende," Mzee Mansuri alisema. "Ni la huku. Watu wake walione lilivyopendeza."

"Mzee, lile gari..." Shadya alianza.

"Lina nini?"

Shadya alimwangalia Stephano. Stephano aliangalia viatu vyake. Utamwambiaje mtu aliyekuajiri, mbele ya wageni, kwamba gari lake linauliza maswali?

Kupanda hakukuwa na neno. Stephano aliendesha, Shadya akakaa mbele akipungia watu, na nyuma palikuwa kimya, kimya cha mtu aliyelala. Mkuyuni, sokoni, watu walicheka na kupiga picha. Ila mama mmoja mtu mzima, mwuza ndizi, alilitazama Pijo, akaziba mdomo kwa kanga.

"Shikamoo mama," Shadya alimsalimu dirishani.

"Marahaba." Hakumwangalia usoni, aliangalia kiti cha nyuma. "Mmelirudisha la nini hili, wanangu?"

Msafara uliondoka kabla hajajibiwa.

Walipoanza kuteremka harufu ilirudi. Kona ya kwanza, kiti cha nyuma kililalamika, kama mtu mzito amejigeuza. Kona ya pili, vioo vyote viliingia ukungu, na jua lilikuwa la saa tisa alasiri. Kona ya tatu Shadya alihisi pumzi shingoni, fupi fupi, ya mtu anayebana meno, na Stephano alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, na mbele yao lile Bedford linapiga honi na watoto wa barabarani wanapunga na kushangilia, hakuna hata mmoja anayejua kwamba ndani ya gari lile jeupe zuri kuna watu wawili, na wa tatu asiyeonekana anayeuliza tumefika, tumefika, jamani tumefika, kila kona, sauti ikizidi kupungua badala ya kuzidi kupanda, ikizidi kuwa ya upole kama mtu anayeona aibu kuuliza tena, mpaka walipokaribia Kiroka, pale kijito kinapokata barabara, ndipo kwa mara ya kwanza ilipouliza swali jingine.

"Mbona mtoto halii?"

Stephano alikanyaga breki katikati ya barabara. Wote wawili walitoka, mmoja huku, mmoja kule, wakaliacha Pijo likinguruma na milango wazi, na msafara mzima ukasimama nyuma yao kwa honi na matusi.

Jumapili baada ya adhuhuri Mzee Mansuri alimleta Maalim Luqmani.

Nimweke sawa Maalim huyu. Si tapeli. Hakuomba kuku mweusi, hakumwambia mtu karogwa na shangazi yake. Alikuja na kitabu chake, chetezo na pilipili za kufukiza, akatawadha, akafunga milango mitatu ya gari, akaacha mmoja umeegeshwa tu, wa nyuma kushoto. Simlaumu kwa kukosa elimu. Namlaumu, kama ninavyomlaumu kila mtu aliyekuwa ghalani siku ile, kwa kusikia swali na kuliita shambulio.

"Hili limekaa ndani miaka," aliwaambia kwa sauti ya chini. "Sikilizeni. Likiuliza, msijibu. Ukijibu umeitika, na ukiitika umefunga nalo mkataba."

Alianza kusoma. Moshi ulijaa ndani ya gari mpaka vioo vikawa vyeupe.

"Tumefika?"

Maalim akapandisha sauti. Mzee Mansuri alivua kofia akaivaa tena.

"Mtoto yuko wapi?"

Moshi mwingine. Ndani ya gari mtu alikohoa. Kilikuwa kikohozi cha mwanamke wa kawaida, kama mama yeyote aliyeinamia kuni mbichi. Kisha, "Naomba maji, jamani."

Mguu wa Shadya uliondoka wenyewe. Hata leo hajui ulikuwa unakwenda wapi. Maalim alimdaka mkono bila kuacha kusoma, akatikisa kichwa.

"Nashuka," sauti ilisema. "Basi, nashuka."

Mlango wa nyuma ulifunguka. Juu ya saruji, pakavu kabisa, ulitokea unyayo mmoja wa maji. Kisha wa pili. Nyayo peku, ndogo, zilizoachana kama za mtu anayetembea kwa maumivu, zikipita katikati ya Land Rover na Austin, polepole, zikisimama, zikiendelea. Zilikuja moja kwa moja mpaka mbele ya Shadya, na hapo zikasimama. Harufu ya mdalasini ilimjaa kifuani. Kitu chenye ubaridi, kilichokwaruza kidogo kama kidole cha mtu aliyeshinda akibandua magome, kilimgusa shavuni.

"Tumefika?"

Shadya alifanya alivyofundwa. Alifunga mdomo. Akageuza uso. Akarudi nyuma hatua moja.

Nyayo zilikaa pale kidogo. Kisha ziligeuka, zikatoka mlangoni, zikapita lango, zikaingia barabarani na kukata upande wa milimani. Vumbi likazinywa.

"Alhamdulillahi," alisema Maalim.

Shadya alifika Kichangani bado ananuka pilipili. Bibi Hafidha alikuwa barazani, ungo mapajani, anachambua mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mama. Mbona macho mekundu?"

Akamweleza, sasa kwa kuwa limekwisha. Alianza kwa kucheka cheka, kama mtu anavyosimulia hatari iliyopita. Bibi aliendelea kupepeta.

"Gari gani hilo?"

"Pijo, bibi. Jeupe. Mzee kalinunua huko juu ya Mkuyuni, kwa dereva mmoja anaitwa Abdi."

Ungo ulisimama.

"Lilisemaje, hilo jini?"

"Lilikuwa linauliza tu. Tumefika, tumefika. Halafu linauliza mtoto..."

Mchele ulimwagika wote. Bibi hakuutazama. Alikuwa anatazama shavu la Shadya, lile lililoguswa, kana kwamba kuna kitu kimeandikwa pale.

"Akakugusa."

"Nani?"

Bibi aliusukuma ungo pembeni. Alipoanza kusema, alisema kwa sauti ndogo hivi kwamba Shadya ilibidi apige magoti kwenye mchele ili amsikie.

"Ilikuwa masika. Asha mama yako alikuwa anabandua mdalasini, uchungu ukamkuta shambani. Zahanati walikuwa na gari, lakini siku hiyo lilikwenda kubeba viti vya sherehe. Viti, mama. Tukamwamsha Abdi. Kwetu mgonjwa akibebwa, yule aliyeshika kichwa chake humtajia njia. Unamwambia hapa tumefika mahali fulani, sasa tumefika mahali fulani, maana yeye amelala, haoni, na asiyeona njia hupotea. Na mkifika unamwambia tumefika, shuka. Hata akiwa amekufa. Akiwa amekufa ndiyo zaidi. Na haambiwi na yeyote tu. Anaambiwa na wa tumbo la kwao, wa ukoo wa mama. Mimi ndiye niliyeshika kichwa. Nikamtajia Mkuyuni. Nikamtajia kila kona. Karibu na Kiroka ukatoka wewe. Ukatoka kimya, kitovu kimekuzunguka shingo, umebadilika rangi. Nikamwachia kichwa, nikakushika wewe."

"Bibi..."

"Nakupuliza puani. Nakupiga mgongoni. Yeye anauliza, mama, tumefika? Nasema moyoni, ngoja. Anauliza tena. Anauliza mbona mtoto halii. Ningemjibu nini na wewe hulii? Nikanyamaza. Ukalia, Shadya. Ukalia sana. Nikageuka nimwambie." Alijifuta mdomo kwa ncha ya kanga. "Hapakuwa na wa kuambiwa."

"Uliniambia alifia hospitali."

"Nilitaka awe amefika."

"Na wewe ndiye uliyenifundisha nisiitikie." Shadya aliinuka, mchele umemganda magotini. "Miaka yote, bibi. Sauti usiyouona mdomo. Ni wewe."

"Niliogopa siku moja atakuja kuniuliza," alisema Bibi Hafidha. "Nikaogopa zaidi kwamba wewe ndiye utakayemjibu."

Walirudi Bigwa jioni ile ile, mwanamke mzee na mjukuu wake. Mzee Mansuri aliwafungulia ghala kwa furaha. "Gari limepona! Kiti kikavu. Njooni muone." Kisha aliona sura zao. Bibi hakumsalimu mtu. Aliingia kiti cha nyuma, akakaa upande mmoja kama alivyokaa siku ile, akaweka mapaja tayari kupokea kichwa.

"Asha," alisema. "Asha mwanangu. Tumefika. Mtoto amelia. Huyu hapa, mtazame, amekuwa mkubwa, ana shavu lako. Shuka sasa, mama. Tumefika."

Walisubiri. Gari lilinuka nta na pilipili. Kiti kilikuwa kikavu, na kilikaa kikavu. Stephano alisimama pembeni na kopo la maji alilokuwa amelijaza bila kuambiwa na mtu, hakujua aliweke wapi.

"Abdi aliniambia," Mzee Mansuri alisema mwishowe, kofia mkononi. "Alisema yeye mwenyewe alikuwa akimwambia tumefika, haamini. Alisema, madereva wote husema tumefika hata kabla hawajafika. Nikacheka. Walahi nilicheka."

Tangu siku ile, kila Jumapili Pijo hutoka ghalani. Mzee Mansuri anaendesha mwenyewe. Bibi Hafidha na Shadya hukaa nyuma, mlango upande wa kushoto haufungwi vizuri, na Bibi hutaja njia kwa sauti, kona moja baada ya nyingine, mpaka kijito cha Kiroka, na kurudi mpaka mlango wa hospitali. Kiti hakijalowa. Kibao chini ya gari bado kinasema mwaka, nchi, silinda nne.

Lakini madereva wa malori ya mkaa wanasimulia. Mvua ikinyesha, wanasema, kuna mwanamke peku baada ya Kiroka, anatembea kwa shida kuelekea mjini, na ukimpita huwezi kumwacha, maana ukitazama kioo, kiti cha nyuma kimelowa na gari linanuka mdalasini. Wengine husoma dua kwa nguvu. Wengine hufungua madirisha wakaongeza mwendo. Mmoja alijisifu kwamba alimtupia pilipili.

Basi wewe unayesoma, hata kama si wa tumbo la kwao, nakuomba jambo moja. Ukiteremka njia ile na mtu akakuuliza kutoka kiti cha nyuma, usisome kumfukuza. Punguza mwendo, umtajie mahali mlipo. Mpe maji kama unayo. Mwambie mtoto alilia, yu hai, anaitwa Shadya. Na ukifika mjini, simama, mfungulie mlango, umwambie.